Nilichomtafsiria Cucu

Cucu wangu huniita mzee wangu. Mimi ni kijana wa pili kwa mama, na kwa mila yetu kijana wa pili hupewa jina la babake mama, kwa hivyo kwa hesabu ya nyumbani mimi ni mume wake, amerudi akiwa na rasta na simu iliyopasuka kioo. Akitaka kunitania husema yule wa kwanza alikuwa na bidii kuliko huyu.

Ana miaka 76 na anakaa juu ya Othaya, kule chai inapopanda kuelekea msitu wa Nyandarua. Macho yake hayakuzimika siku moja. Kwanza alisema jua la siku hizi ni kali. Halafu taa za magari usiku zikawa zinamwagika. Halafu akaacha kusoma namba kwenye mzani wa kituo cha majani chai, akawa anaambiwa kilo na karani na kuamini. Zile 2,000 za Inua Jamii za kila mwezi akawa anahesabiwa noti na mtu mwingine. Hela za chai zikiingia kwa simu, hawezi kuisoma, na namba yake ya siri ya M-Pesa ikajulikana na watu watatu, mmoja wao mtoto wa jirani wa gredi ya saba. Tukisikia mtu haoni huwa tunafikiria giza. Kwa cucu ilikuwa zaidi kulazimika kuamini kila mtu.

Juni mwaka jana nilimpeleka kliniki ya macho ya hospitali moja hapa Nyeri. Nilichaguliwa mimi juu nyumbani ndiye pekee asiye na kazi ya kuamkia. Naandika, ndiyo, lakini kwa familia yangu mtu aliyekaa na laptopu kitandani hajaenda kazi. Chuo niliacha mwaka wa pili, na nilikaa miezi minane kabla ya kumwambia cucu, kwa hivyo kuficha habari si jambo nililojifunzia hospitalini.

Kama hujawahi kumpeleka mtu kliniki ya macho, jipange kwa siku nzima. Beba chai na kitu cha kutafuna. Kuna kadi, kuna mambo ya SHA, ile iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na swali la kuuliza mapema ni wanalipa nini na wewe unajazia ngapi. Uliza kabla ya matibabu, si ukiwa dirisha la kulipa. Kisha kuna ubao wa ukutani. Nilikuwa na wasiwasi kwamba cucu ataaibika kwa sababu hakusoma sana, kumbe kuna ubao wa herufi E peke yake zilizogeuzwa huku na kule, na kazi yako ni kuonyesha kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Unasimamishwa mita sita. Cucu hakuiona hata ile E kubwa ya juu. Walimsogeza karibu, wakamwonyesha vidole. Jicho la kushoto lilihesabu. La kulia lilijua tu kwamba kuna kitu kinapita.

Akatiwa matone ya kupanua mboni. Yanawasha, na kwa saa kadhaa baadaye huoni vizuri hata kama uliingia ukiona, ndiyo maana usimwache mzee aende peke yake halafu ashuke stendi akitafuta matatu ya kurudi. Akaweka kidevu kwenye ile mashine ya mwanga. Akapimwa presha ya macho, ambayo ni kitu tofauti kabisa na presha ya damu ingawa jina ni lile lile. Ya kawaida iko kati ya 10 na 21 hivi. Lake la kushoto lilikuwa 26. La kulia 38.

Aliyetuhudumia alikuwa tabibu wa macho. Madaktari bingwa wa macho ni wachache Kenya na wengi wako Nairobi, kwa hivyo huku kwetu kazi kubwa inabebwa na hawa matabibu waliosomea macho, na baadhi yao wamefunzwa hadi kupasua mtoto wa jicho. Tunawaita daktari na wanastahili. Huyu alikuwa na laini ya watu imefika hadi mlango wa maabara. Alinitazama mimi, si cucu, akaongea Kiingereza kwa dakika kama nne.

Alisema hivi. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho, yaani ile lenzi ya ndani imegeuka kuwa kama kioo cha bafu. Hilo linatibika: inatolewa, inawekwa ya plastiki. Lakini nyuma ya mtoto wa jicho kuna presha ya macho, wengine huiita glakoma, na hiyo huua neva inayobeba picha kwenda kwenye ubongo. Jicho la kulia neva imekwisha. Ukilipasua utakuwa umesafisha dirisha la nyumba ambayo haina mtu. La kushoto neva bado ipo kwa sehemu kubwa, kwa hivyo lipasuliwe, halafu atumie matone ya presha kila usiku. Hadi lini? Maisha yake yote. Hayarudishi kilichopotea. Yanalinda kilichobaki.

Kisha akasema nimwelezee.

Cucu alikuwa ameketi katikati yetu, kikapu magotini, uso ameuelekeza upande sauti ilikotoka. Na mimi masikioni nilikuwa na sauti ya mjomba aliyenipigia kutoka Nairobi asubuhi hiyo. Yeye ndiye angelipa. Alisema kama kuna kitu kibaya nisimwambie, presha yake itapanda. Alimaanisha ya damu.

Nilimwambia kwa Kikuyu: “Cucu, wanasema ni mtoto wa jicho. Watatoa la kushoto kwanza. Na kuna matone ya kusaidia jicho.”

Nimerudia hayo maneno kichwani mara nyingi nikitafuta uongo uko wapi. Mtoto wa jicho, kweli. La kushoto, kweli. Matone ya kusaidia jicho, kweli. Uongo wote ulikaa ndani ya neno moja, kwanza. Cucu akatikisa kichwa, akauliza kama atafunikwa uso, akaweka kidole gumba kwenye karatasi ya kukubali.

Hiyo karatasi ndiyo inanisumbua. Sheria ya Afya ya 2017 inasema mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari, gharama, na haki yake ya kukataa, na pale inapowezekana aelezwe kwa lugha anayoielewa. Mtu akisoma hilo haraka anaona jukumu la hospitali tu. Lakini mchana ule lugha anayoielewa ilikuwa mimi. Kilichofika kwa cucu kilipita mdomoni mwangu, nikakichuja, halafu yeye akakitilia dole. Alikubali kitu nilichokihariri. Miaka miwili ya chuo, na matunda yake ya kwanza kuonekana nyumbani yalikuwa kwamba naweza kusikia habari za mwili wa mtu mwingine kabla yake.

Upasuaji wenyewe haukutisha, nasema hivi kwa wale wanaoogopa. Mgonjwa yuko macho. Anachomwa sindano ya ganzi karibu na jicho, anafunikwa, na dakika kama ishirini baadaye imekwisha. Ile lenzi ya plastiki ina historia nzuri. Wakati wa vita vya pili vya dunia daktari Mwingereza, Harold Ridley, aliona kwamba marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya dirisha la ndege macho yao hayakuvikataa. Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' ya London, akaweka lenzi ya kwanza ndani ya jicho la mtu. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka. Leo iko ndani ya cucu.

Asubuhi iliyofuata bandeji ilitolewa, na mimi nilikuwa nimeshika simu. Rafiki yangu alikuwa ameniambia nisikose kurekodi, hiyo ni maudhui. Unakumbuka Januari 2023 MrBeast alivyotoa video ya watu 1,000 waliofanyiwa upasuaji wa macho kwa pesa zake, na intaneti nzima ikagawanyika? Wengi walibishana kama wema wenye kamera ni wema. Mimi naona mtu akirudishiwa kuona, kamera iwepo au isiwepo, jicho linaona. Kinachonikera na hizo video ni mahali zinapokatwa. Bandeji inatoka, mtu analia, mwisho. Hakuna anayerekodi mwezi wa nne.

Cucu hakulia. Alinitazama kwa muda, akasema, “Umekonda. Na hizi nywele ni za nani?”

Hiyo video sijaiweka popote. Nilimwomba ruhusa akasema atafikiria.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzuri hadi nikaanza kuamini tafsiri yangu. Alirudi kwenye kituo cha majani na kusoma mzani mwenyewe. Aliniambia nimfundishe kubadilisha namba ya siri ya M-Pesa, nilipomfundisha akaniambia nitoke nje. Miwani ya kusomea bado alihitaji, juu hiyo lenzi imepimwa kwa kuona mbali, lakini mbali ndiko alikotaka. Aliuliza majina ya miti iliyokuwa imekatwa na hakuna aliyemwambia.

Na alianza kujiandaa kwa jicho la pili.

Kuna Mwingereza mmoja, Sidney Bradford, aliyepoteza macho akiwa mtoto mchanga na kufanyiwa upasuaji mwishoni mwa 1958 akiwa na miaka 52. Mwanasaikolojia Richard Gregory alimfuatilia na kuandika juu yake. Mwanzoni alifurahi, kisha akaingiwa na huzuni, dunia aliyoiona ikawa chini ya ile aliyokuwa ameingojea, na 1960 akafa. Simfananishi na cucu. Yeye alikuwa anaona mara ya kwanza, cucu alikuwa anarudishiwa. Ila nilipomsoma niliona kwamba kitu mgonjwa anachobeba kuingia hospitalini kina uzito sawa na ugonjwa, nacho ni kile anachotarajia. Na matarajio ya cucu mimi ndiye niliyeyatengeneza.

Aliuza mbuzi. Hakuniambia, niliambiwa na mama. Hakutaka mjomba abebe gharama mara mbili. Akawaambia wanawake wa kikundi chake kanisani kwamba kabla ya Krismasi atakuwa na macho mawili. Nilijua yote haya na nikakaa kimya, kila wiki nikijiambia kwamba wiki hii si nzuri kwa sababu ana furaha.

Oktoba tulirudi kupimwa. Safari hii tulimpata mama mmoja wa makamo, tabibu pia, Mkikuyu wa huku huku. Alipima presha ya jicho la kushoto mara mbili. 29. Akageuka kwa cucu, si kwangu, akauliza kwa Kikuyu, “Cucu, unaweka matone ya presha kila usiku?”

“Presha gani?”

Matone yalikuwa yamekwisha Agosti. Cucu hakununua mengine kwa sababu jicho lilikuwa limepona. Nani anatia dawa kwenye jicho lililopona? Alifikiria sawasawa kabisa kwa habari alizokuwa nazo. Habari ndizo zilikuwa mbovu.

Yule mama alisogeza kiti chake hadi magoti yao yakakaribia kugusana, akamwambia kila kitu. Ilichukua dakika nane, na nje laini ilikuwa ndefu kama ile ya Juni. Cucu aliuliza maswali matatu. Jicho la kulia lilikuwa limekufa tayari siku ile ya kwanza? Ndiyo. Kama angekuja mapema? Presha ya macho haina maumivu mara nyingi, inakula polepole kutoka pembeni, lakini ndiyo, angekuja mapema wangelinda zaidi. Na swali la tatu: hii kitu inaingia kwa watoto? Inatembea kwenye familia, akaambiwa, na sisi Waafrika iko juu kwetu, kwa hivyo watoto wake waliopita miaka arobaini wapimwe wote.

Mama yangu ana miaka 49. Miezi minne nilikuwa nimekaa na habari ambayo pia ilikuwa ya mama yangu.

Yule tabibu akamuuliza pia kama ana pumu, kwa sababu dawa ya bei nafuu zaidi, timolol, haimfai mwenye pumu. Na kama amewahi kutumia matone ya kununua kemisti. Alikuwa ametumia, miaka mingi, kila macho yakiwasha. Baadhi ya hayo matone yana steroidi, na steroidi ikitumiwa muda mrefu bila kupimwa inaweza kupandisha presha ya jicho kimya kimya. Kama una moja nyumbani unayoitumia kwa mazoea, nenda ukaulize.

Sasa, chuoni tulisoma falsafa kama somo la lazima, na kitu kimoja nilichobaki nacho ni insha ya Kant ya 1797 ambapo anasema hata muuaji akibisha mlangoni akiuliza rafiki yako yuko wapi, usidanganye. Darasa zima lilicheka. Nami nilicheka, na nikaondoka na imani kwamba swali la uongo wa huruma limeshajibiwa: Kant alizidisha, uongo wa kuokoa mtu ni sawa. Lakini angalia mfano wenyewe. Unamdanganya muuaji ili kumlinda rafiki. Kwetu hakukuwa na muuaji. Niliyemdanganya na niliyekuwa nikimlinda ni mtu yule yule, amekaa na kikapu.

Mjomba ana hoja, na sitaki kuipita mbio. Yeye si mtu mbaya. Kwetu habari nzito haitupwi, inaletwa polepole, na mtu anayefaa, baada ya chai. Kuna wazee walioambiwa ugonjwa wao ghafla na wakaanza kufa siku hiyo. Hata sheria ileile ya 2017 inaacha mlango: hali ya mgonjwa inaweza kutosemwa pale ambapo kuna ushahidi wa kutosha kwamba kumwambia kutamdhuru. Mjomba alipoisikia hiyo alifurahi, akasema unaona. Nikamuuliza ushahidi wetu ulikuwa gani. Cucu alimzika mume. Alizika watoto wawili. Alizaliwa kabla tu ya hali ya hatari ya 1952 na kukulia ndani ya kijiji cha mtaro na mlinzi. Ni nani kati yetu alikuwa amepima na kuona kwamba habari ya jicho moja itamwangusha? Tuliogopa uso wetu wenyewe wakati wa kumwambia, tukaita hiyo hofu presha yake.

Nakubali pia kwamba mtu ana haki ya kutotaka kujua. Kuna anayesema, fanyeni mnalojua, mimi msinieleze. Sawa. Lakini hilo ni yeye aliseme. Ningeweza kumuuliza cucu mchana ule, “Daktari amesema mengi, unataka yote au unataka kidogo?” Sekunde tano. Sikuuliza kwa sababu nilijua angejibu nini.

Na kitu ambacho sikukiona kabisa ni kwamba ukweli wa hospitalini si habari ya kufurahisha au kuhuzunisha tu. Ni kama maagizo kwenye chupa. Ukitoa ile sehemu ya kuumiza, sehemu ya kutumia inatoka nayo. Ukimficha mtu kwamba jicho la kulia limekufa, umemficha kilicholiua, na kilicholiua ndicho kinachongojea la kushoto. Neva iliyopotea kati ya Agosti na Oktoba hakuna anayejua ni kiasi gani. Kidogo, walisema, labda. Hairudi.

Kwenye matatu ya Othaya cucu alikaa dirishani, upande wa jicho linaloona. Hakusema kitu hadi tulipopita mashamba ya kahawa na chai kuanza. Kisha akasema bila kugeuka, “Hata mzee wangu wa kwanza alikuwa akiniamulia.”

Sikujibu. Ningejibu nini?

Pesa za mbuzi zinanunua matone. Huweka saa tatu usiku, kengele ya simu ameiweka mwenyewe, na chupa ikikaribia kwisha hampigii mtu, anashuka Othaya. Kikundi cha kanisani aliwaambia ukweli Jumapili iliyofuata, na wawili kati yao wamekwenda kupimwa. Mama amepimwa, yuko 22, watamwangalia tena baada ya miezi sita. Mjomba bado hajaenda. Anasema ana kazi nyingi.

Januari tulirudi tena. Jina lake lilipoitwa nilisimama kama kawaida kumshika mkono. Akaniambia nikae, ana maswali yake na atayauliza mwenyewe. Akaingia, mlango ukafungwa. Kikapu aliniachia mimi.